Alama Nilizompa Binti wa Vikopo

Kwa miaka tisa nilisafisha chumba ambacho watu hawapendi kusikia habari zake wakiwa mezani. Ni chumba cha maabara katika hospitali moja kubwa ya Houston. Kila kinachotolewa mwilini mwa mgonjwa kwenye upasuaji kinaletwa pale kuangaliwa: uvimbe, kidole tumbo, kizazi, kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele. Vinakuja ndani ya vikopo vya plastiki vyenye dawa ya kuzuia kuoza, na kila kikopo kimebandikwa jina la mwenyewe. Madaktari wanavikata, vinatengenezwa vipande vyembamba juu ya vioo, halafu wanainamia hadubini kutafuta ugonjwa. Mgonjwa yuko kitandani huko juu anangoja kuambiwa ni saratani au siyo, na jibu linatoka kwetu chini. Nasema kwetu. Mimi nilikuwa mtu wa deki na mifuko ya taka, lakini nasema kwetu.

Majina yananikaa. Ukinitajia jina lako leo, mwaka kesho nitakuita kwa jina hilo, na la mama yako kama ulilitaja. Madaktari wote waliopita pale ninao kichwani, mwaka kwa mwaka, pamoja na nani alikunywa chai ya maziwa na nani alimpigia mkewe simu kila saa sita. Humu sitamtaja hata mmoja. Siku ya kwanza ya kazi msimamizi alinikalisha akaniambia jina utakaloliona kwenye kikopo liishie humo humo chumbani. Nikalishika katazo hilo mpaka nikalizoea, na sasa hata majina ya wazima naona vibaya kuyatembeza.

Hospitali ile ilikuwa shule pia. Vijana waliokwisha kuwa madaktari walikuja kusomea ubingwa wa magonjwa, hiyo wanayoiita patholojia, miaka minne. Kila mwezi wa saba walikuja wapya, makoti yamenyooka, na kila mwezi wa saba nilijua tutapata mmoja wa kukimbilia mlangoni akishika mdomo. Nilikuwa namwekea ndoo karibu bila kusema kitu. Mtu mzima haumbuliwi.

Walimu wao waliwapima kwa mitihani na hadubini. Mimi niliwapima kwa meza. Zamu yangu ilianza saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni, kwa hiyo nilifika wakiwa kazini na nikaondoka wakiwa wamemaliza. Ukitaka kumjua daktari, iangalie meza aliyoiacha. Yuko anayeacha damu kwenye ukingo wa sinki kwa sababu anajua utakuja. Yuko anayefuta mpaka chini ya ubao, kwa sababu anajua utakuja.

Mwaka ninaousimulia walikuwepo wawili wa mwaka wa pili. Mmoja alikuwa binti wa Kinigeria, mzaliwa wa Houston hapa hapa, mwenye miwani mikubwa. Aliniuliza kwetu mama wa umri wangu anaitwaje, nikamwambia Bibi. Toka hapo sikuwa na jina lingine kwake. Huyu ndiye binti wa vikopo. Kila kikopo alikisoma jina mara tatu: kwenye kikopo, kwenye karatasi iliyokuja nacho, kisha kwa sauti, kama mtu anayemwita mgonjwa mwenyewe aje. Ndipo akafungua. Kazi yake ilikuwa safi lakini nzito. Wenzake wakivua glavu, yeye bado ana nusu ya trei.

Wa pili alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe, mcheshi, mwepesi wa mkono, anapiga mluzi. Kila mtu alimpenda, hata mimi. Akinikuta na ndoo ananiamkia kabla sijamwona. Alimaliza vikopo thelathini wakati binti amemaliza kumi na nane. Lakini alikuwa na tabia moja. Akimaliza kukata, wembe anauacha pale pale, wakati mwingine umefunikwa na karatasi ya kufutia, na karatasi anaitupa na wembe wake ndani ya mfuko wa taka. Boksi jekundu la kutupia wembe lilikuwa mkono wake wa kushoto, si hata hatua moja. Siku moja wembe ulichana glavu yangu. Ngozi haukuifikia, Mungu alinistiri. Nikanyamaza. Nilisema moyoni ni mtoto wa watu, atajifunza.

Mwezi wa nne hivi nilimkuta binti amekaa kwenye chumba cha kupumzikia, mkate wake haujaguswa. Nikamuuliza kulikoni.

“Bibi, Ijumaa ya wiki ijayo wanakaa.”

“Wanakaa nani?”

“Walimu wote. Wanaangalia karatasi zetu, kila mmoja aliyefanya kazi nasi ameandika nini. Wawili tayari wamesema mimi sifai kwa haraka. Wakiongezeka, wananirudisha mwaka. Au wananiambia nitafute kazi nyingine.”

“Kwani kuna mahali ulipokosea?”

“Hapana. Ni mzito tu.”

Nikamwambia mzito anafika. Akacheka kidogo, akaula mkate nusu. Lakini nilipokuwa napiga deki nilikuwa na hasira kabisa. Mtu amesoma utoto wake wote, amefika pale, halafu aambiwe rudi nyuma kwa sababu anasoma jina la mgonjwa mara tatu?

Sasa sikia mambo yanavyojipanga. Jumanne ya wiki ile ya kikao, mama wa ofisini aliyeshughulikia mambo ya mafunzo alishuka na karatasi mkononi. Akatuita mimi na mwenzangu wa usafi, mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu. Akasema mwaka huu wanataka maoni ya kila mtu anayefanya kazi na madaktari wanafunzi, si walimu peke yao. Mafundi wa maabara wameandika, makarani wameandika, na sisi tuandike. Kila daktari karatasi yake. Maswali kumi, na kila swali ujibu kwa namba, moja mpaka tano. Jina lako usiandike.

Jamani, nilifurahi. Mimi niliyeishia darasa la nne kwetu Muheza, nikatolewa shule nikalee wadogo zangu, leo nawapa madaktari alama! Nilinawa mikono, nikakaa mezani, nikaomba kalamu nzuri. Kiingereza cha kusoma ninacho cha kutosha, nikiyafuata maneno kwa kidole. Maswali niliyaelewa. Anawaheshimu wenzake? Anaacha mahali pa kazi pakiwa safi na salama? Asipojua, anauliza? Unaweza kumwamini? Anafanya kazi kwa haraka inayofaa? Juu kabisa kulikuwa na mstari wa maandishi madogo kama sisimizi. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba, na nilijiona nimeshaelewa.

Nikaanza na binti. Anawaheshimu wenzake: moja. Usafi na usalama: moja. Kuuliza: moja. Kuaminika: nikaiandika moja ndefu, iliyonyooka kama mlingoti. Nilipofika kwenye haraka nikasita, kwa sababu haki ni haki na mzito ni mzito, nikaandika tatu. Yaliyobaki yote moja.

Kijana wa viatu vyeupe nilimpa heshima moja, maana kweli ana adabu. Haraka moja. Usafi na usalama, nikakumbuka glavu yangu, nikaandika tano.

Msomaji asiye wa kwetu tayari ananishangaa. Wa kwetu ameshanielewa. Shule yetu mwalimu alikuwa anabandika karatasi ukutani, wa kwanza mpaka wa hamsini na mbili, na wazazi wakija wanaanza kusoma juu. Mwanangu alipomaliza kidato cha nne akapata divisheni wani, nilichinja kuku wawili nikaalika mtaa. Jirani yangu, wa kwake alipata foo, yaani ya nne, alifunga mlango siku tatu. Mimi maisha yangu yote moja ndiyo namba ya kuchinjia kuku. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kuna mahali moja ni aibu.

Niligundua kesho yake kwenye gari. Mimi na mwenzangu wa Bukavu tulikaa nyumba za kupanga zilezile kule Sharpstown, ngazi moja inatutenganisha. Yeye anaendesha, mimi nakaa kulia nikimwombea. Tulikuwa tunarudi nyumbani, magari yamesimama kama kawaida, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo:

“Mama, ule mutoto wa vikopo ulimupa ngapi?”

“Moja, karibu zote. Kwenye haraka tu ndiyo nimempa tatu.”

Akageuza shingo yote kunitazama. “Moja? Mama, weye unamuchukia?”

“Nimchukie kwa nini? Nimempa ya kwanza!”

“Ya kwanza ya nini? Kwetu mwalimu anahesabia mia. Mutoto mwenye kuleta moja juu ya mia, siku ile halali ndani ya nyumba.”

“Kwetu wa kwanza ndiye wa kwanza. Anayechapwa ni wa hamsini na mbili.”

“Hapa haiko kwenu, haiko kwetu! Ilikuwa imeandikwa pale juu, Mama. Moja ni mubaya sana. Tano ni muzuri sana. Haukusoma?”

Nikashika kitasa cha mlango. “Simamisha gari.”

“Hapa kati ya barabara? Unataka tufe wote wawili, halafu nani atamusaidia ule mutoto?”

“Nimemmaliza,” nikasema. “Nimemmaliza kwa mkono wangu.”

“Na ule wa mluzi?”

“Nimempa tano ya usafi.”

Alicheka mpaka akaegemea usukani. “Yezu wangu! Mutu anayetupa wembe ovyo, umemupa medali!” Kisha akaniona sicheki, akaacha. Akanishika goti. “Pole, Mama. Pole sana. Kesho utaenda useme.”

Nyumbani nilimkuta binti yangu anapika. Yeye alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mambo ya hospitali anayajua. Nikamweleza yote nimesimama na mkoba begani.

“Mama, achana nayo,” akasema. “Hiyo fomu haina jina. Nani atajua ni wewe?”

“Mimi najua.”

“Ukienda, watasema yule bibi hata kusoma hajui. Kwa nini ujivunjie heshima? Na ulishazirudisha, huyo mama wa ofisini ame-submit tayari.”

Mjukuu wangu wa miaka tisa akadakia kwa Kiingereza chake kwamba darasani kwao nne ndiyo kubwa kuliko zote, hakuna tano. Binti yangu akamwambia hakuna aliyemuuliza. Lakini mtoto alinisaidia. Nikaona kumbe kila shule ina hesabu yake, na mimi si mjinga peke yangu. Ni mgeni tu, na mgeni anaweza kuuliza.

“Kesho naenda mapema,” nikasema.

“Mama nawe!”

“Kikao ni keshokutwa. Nikinyamaza, yule mtoto anarudishwa mwaka, halafu maandazi ninayompelekea kila Idi nampikia nani? Yule ni binti wa watu kama wewe, nusu ya maisha yake ameimaliza kwa kusoma.”

Asubuhi binti yangu alikuwa ameniachia nauli ya basi na chapati iliyofungwa kwenye foili. Ndiyo namna yake ya kukubali.

Alhamisi nilifika hospitali saa tatu, masaa mawili kabla ya zamu, nimevaa baibui langu zuri badala ya sare. Mama wa ofisini aliponiona akadhani nimefiwa. Nikamweleza. Akaweka mkono kifuani. Karatasi zote ameshaziingiza kwenye kompyuta, akasema, na yeye hawezi kubadilisha kitu. Mwenye uwezo ni mkuu wa mafunzo. Akaniuliza kama anipeleke kwake.

Mkuu wa mafunzo alikuwa mzee wa rika langu, nywele nyeupe zote. Nilimfagilia ofisi miaka tisa. Nilijua anakunywa kahawa bila sukari na anaficha biskuti nyuma ya vitabu. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya habari ya asubuhi. Aliposikia nataka kumwona alisimama, akavuta kiti, akangoja nikae ndipo akakaa. Tuliyasema kwa Kiingereza, changu kikichechemea, ila hapa nayaweka kwa lugha yangu.

Nikamwambia, “Nimekuja kutubu. Namba zangu nimeziandika kichwa chini.”

Nikamweleza karatasi ya ukutani, wa kwanza mpaka wa hamsini na mbili. Nikamweleza na kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kompyuta yake, akatafuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

“Hii ni yako?” akasema. “Kuna karatasi inayosema kijana wetu hana adabu, ni mzito kuliko wote, lakini kwa usafi na usalama hana mfano. Nimeisoma mara nne. Nikasema huyu aliyeandika anamzungumzia nani?”

Nikacheka na mimi, machozi yakanitoka, sijui ya kicheko au ya hofu. Halafu akaacha kucheka.

“Na ya binti nayo niliisoma,” akasema. “Hiyo sikucheka. Nilidhani kuna kitu kibaya amekufanyia.”

“Hajanifanyia lolote. Ndiye bora wenu.”

“Unajuaje?”

Hapo niliona ndilo nililojia. Nikamweleza meza. Nikamweleza kusoma jina mara tatu. Halafu nikamweleza Jumatatu moja ya mwezi uliopita. Nilikuwa nasugua sinki. Binti alishika kikopo, akasoma, akasimama. Kikopo kinasema mama huyu, karatasi inasema mama mwingine, jina lao la ukoo ni moja, majina ya kwanza yanakaribiana. Mtu mwenye haraka angepita. Yeye alipiga simu juu, haikupokelewa. Akavua glavu, akapanda mwenyewe kwa miguu mpaka chumba cha upasuaji, akarudi na muuguzi, wakakuta karatasi za akina mama wawili zimebadilishana. Saa nzima ilikwenda. Aliporudi trei zimejaa, na mmoja wa walimu akaingia akamwambia mbele ya watu wote, “Wenzako wamemaliza, wewe bado unasoma vikopo.” Binti alivaa glavu nyingine akaendelea.

Mzee aliweka kalamu chini. “Kosa la karatasi zile nalikumbuka, aliliandika kwenye daftari,” akasema. “Malalamiko ya uzito nayo ninayo hapa. Sikujua ni siku ile ile.”

“Ni siku ile ile. Nilikuwepo. Na mwalimu aliyesema namjua jina, ila sitalisema.”

“Usilitaje. Nami namjua.”

Akachukua karatasi mpya, akasema tuijaze upya, yeye asome, mimi nijibu, na tano ndiyo kuku. Alisema hivyo hivyo, tano ndiyo kuku. Tukaenda swali kwa swali. Tano, tano, tano. Tukafika kwenye haraka.

“Tatu,” nikasema.

“Bado tatu? Huku na kule tatu?”

“Tatu ni ya katikati, haijali umeanzia wapi. Mzito ni mzito, daktari. Nikisema ni mwepesi, na hayo mengine hutayaamini.”

Akaandika tatu.

Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka. Akavuta karatasi nyingine. “Na kijana?”

Wallahi sikuwa nimefikiria hapo. Usiku kucha nilifikiria kumwokoa binti, sikufikiria kwamba nikigeuza namba za mmoja, za mwingine zinageuka nazo. Nikaketi tena. Heshima tano, haraka tano, hizo zilitoka haraka. Kwenye usafi na usalama nikaitazama kalamu yake. Mzee akangoja. Alikuwa anajua kungoja.

“Moja,” nikasema.

“Kwa nini?”

Nikamwambia ya wembe. Nikamwambia na ya glavu. Uso wake ulibadilika.

“Ulimwambia nani?”

“Hakuna.”

“Mwenyewe je?”

“Hapana. Ni kijana mwema. Nilimwonea haya.”

“Mama,” akasema, kwa upole lakini kwa nguvu, “ungeumia ungeumia wewe, na mwenzako. Na yeye asingejua kwamba ana kasoro mpaka siku atakapomuua mtu. Miaka tisa unawapima kila siku, na hujawahi kumwambia hata mmoja alama zake.”

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilijisifu kwa kuziona meza na sikuwahi kufungua mdomo. Nikasema, “Nimesikia.” Akaniambia karatasi ya kijana haitamfukuza mtu, ina mengi mazuri, lakini leo hii atazungumza naye habari za wembe, wala hatataja amesikia kwa nani. Nikamwambia asijisumbue. Wanaoshika mifuko ile ya taka ni wawili tu.

Ijumaa nilifika saa tano, sare yangu, ndoo yangu. Kijana wa viatu vyeupe alikuwa ananingoja karibu na kabati la madeki. Hakupiga mluzi.

“Ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

Nilidhani atakasirika. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akauliza, “Ulikatika?”

“Glavu tu.”

“Kwa nini hukunipigia kelele?”

“Kwetu daktari hapigiwi kelele na mfagizi.”

“Kwetu mama yangu angenipiga kwa kandambili.” Akatazama chini. “Samahani. Nipigie kelele. Kweli, nipigie.”

Nikamwambia mfuko wa jana haujatolewa, tuanze na huo. Tukaufungua pamoja, kwa koleo, na mle ndani tukakuta nyembe mbili. Akaziweka kwenye boksi jekundu mwenyewe, mmoja mmoja. Nikampigia kelele kidogo, kwa Kiswahili. Aliitikia kama anaelewa.

Kikao kilianza saa saba mchana. Mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa na kioo chembamba, na sakafu ya mbele yake haijawahi kupigwa deki kama siku ile. Mwenzangu wa Bukavu akapita na kikapu chake cha taka.

“Mama, utatoboa ile sakafu.”

“Niache.”

“Watatoka tu. Hata Bunge inatokaka.” Akashika mpini wa deki yangu, akasimama nami. Hakusema tena kitu, na kwake hiyo ni sadaka kubwa.

Walitoka saa tisa. Mkuu wa mafunzo alitupita, akanipa salamu ya kichwa kama siku zote, na sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Nikarudi kwenye chumba cha kukatia. Binti alikuwa mezani kwake, glavu mkononi, trei mbele yake, lakini hakati. Wakamwita ofisini. Alikaa huko dakika ishirini, na mimi nikasafisha meza yake iliyokuwa tayari safi.

Aliporudi miwani ilikuwa mkononi.

“Naendelea, Bibi,” akasema. “Mwaka wa tatu. Wamenipa miezi mitatu niongeze mwendo, na watanipa mtu wa kunifundisha kupanga trei. Lakini naendelea.”

Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo mafundi wa chumba cha pili waliisikia. Mama wa Bukavu akapiga vigelegele vya kanisani kwao. Kijana wa viatu vyeupe akainua kichwa, akapiga mluzi mmoja mrefu.

“Mkuu kaniuliza habari ya Jumatatu ile,” binti akasema. “Amejuaje ndiyo siku niliyokemewa? Sikumwambia mtu.”

Ningeweza kunyamaza. Lakini jana tu nilikuwa nimeambiwa habari ya kunyamaza kwangu. Nikamkalisha nikamweleza yote, toka kalamu nzuri mpaka ile moja iliyonyooka kama mlingoti. Alinisikiliza macho yamemtoka.

“Bibi! Ulinipa moja kwenye kuaminika?”

“Moja safi kabisa.”

“Ulitaka kunifelisha!”

“Nilitaka kukuchinjia kuku.”

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko tena, ameshika ukingo wa meza. Nikampa karatasi ya kufutia. Akapangusa miwani, akaivaa, akanitazama vizuri.

“Na kwenye haraka?”

“Tatu.”

“Baada ya kurekebisha?”

“Baada ya kurekebisha.”

“Tatu ni ndogo, Bibi.”

“Basi ikuze. Una miezi mitatu.”

Yapo mengi ningeweza kuongeza. Siku hizi nimehama Houston, nakaa mji wa Richardson kwa mwanangu wa kiume, yule wa kuku wawili, na mwenzangu wa Bukavu alihamia Haltom City kwa dada zake, si mbali sana nami. Tunaonana, na habari ya medali ya wembe hachoki kuisimulia mbele za watu. Lakini Ijumaa ile ndiyo ninayoipenda, kwa namna ilivyokwisha. Binti alivaa glavu mpya, akatazama saa ya ukutani, akavuta trei karibu.

“Sogea, Bibi,” akasema. “Nina vikopo kumi na vinne, na wewe umesimama kwenye mwanga wangu.”

Nikasogea.